Aliyewaita Wasiokuwepo

Walimu wengine wakiingia darasani huita majina ya waliopo. Madam wetu wa takwimu pale chuoni aliwaita wasiokuwepo. Alisimama mlangoni, mkoba begani, akatupitia safu kwa safu, halafu akauliza, "Nani hayupo?" Siku ya kwanza tulibaki tunatazamana. Shomari, kiranja wetu, kijana mwenye majibu kabla ya maswali, akainuka na kusema wote tupo, Madam, tumetimia. Akaambiwa akae. Darasa halitimii hata siku moja, Madam alisema, na anayesema limetimia amehesabu vichwa, hajahesabu viti. Kisha akataka kujua kile kiti cha dirishani ni cha nani, kwa nini mwenyewe hajaja, na nani anapajua kwao. Kipindi kikaisha hatujaandika hata mstari. Tulitoka nje tukiulizana huyu mama tumeletewa kutoka wapi.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitunguu, na riziki yangu ni mdomo, si kalamu. Nanunua Lumuma, nashusha Kilosa, vingine navipeleka Mikumi kwa mama lishe wa barabara kuu wanaowapikia madereva wa malori. Kwa hiyo msitegemee kwangu maneno ya kupamba. Lakini yule mama alinipa akili ninayoilia ugali mpaka leo, na nikiwasikia vijana wakimkumbuka kwa neno moja tu, kwamba alikuwa mkali, moyo unaniuma. Mkali alikuwa, nani amebisha? Ila mtu mzima haenei kwenye neno moja.

Tuanze na viatu vyake. Alivaa viatu vyeusi vya kufunika, vimepigwa rangi mpaka unajiona sura, na Kilosa yetu mnaijua: kiangazi vumbi, masika tope. Mkobani alikuwa na kitambaa. Akifika darasani aliinama kwanza akavifuta, na sisi tumeshasimama, "Shikamoo Madam," naye yuko chini anasugua. Hakuna aliyethubutu kukaa. Marahaba ilikuja kiatu cha pili kikishang'aa, tena ilikuja kwa kila safu peke yake, kwa sababu alisema salamu ya jumla hupokewa na wa mbele tu, wa nyuma wanaambulia mwangwi. Tulimcheka sana kwa viatu vile. Sasa sicheki.

Sokoni wauza nyanya walimwogopa kuliko bwana afya. Kwetu nyanya huuzwa kwa fungu. Nzuri zinapangwa juu, zenye kidonda zinalala chini, na hiyo ni desturi ya soko, kila mtu anaijua, na mnunuzi mstaarabu hafumui fungu la mwenzake. Yeye alifumua. Alichuchumaa na viatu vyake vile, akachomoa ya chini kabisa, fungu zima likaporomoka, akaigeuza, akairudisha, akasema ahsante mwanangu, akaenda fungu la pili. Mama mmoja alishindwa kuvumilia akamwambia usoni kwamba mwalimu, wewe una gubu. Madam alikubali palepale. Akamjibu kuwa ndiyo, gubu ninalo, na wewe nyanya mbovu unazo, basi tupunguziane kila mtu cha kwake. Walikuja kuwa marafiki wa kuazimana mwavuli.

Na huyohuyo wa kuchungulia chini ya fungu alikuwa na mambo yake yasiyo na hesabu hata chembe. Watu wa Magole hakuwataka. Aliwahi kuuziwa mchele wenye mawe na mtu mmoja wa huko, basi, hukumu ikawapitia wote, mpaka watoto wao waliokuwa bado tumboni. Siku moja tulijikaza tukamuuliza, kwa adabu, sampuli yake ilikuwa ya watu wangapi. "Mmoja," akasema, "na jino lililovunjika ni langu." Akacheka mwenyewe mpaka akafuta macho kwa kile kitambaa cha viatu. Baadaye nilikuja kugundua kwamba mchele wa nyumbani kwake ulitoka Magole siku zote, kwa binti mmoja aliyemletea kwa baiskeli, na kwamba ada ya shule ya mdogo wa yule binti ilikuwa inatoka kwenye mkoba ule mweusi. Hilo hakumwambia mtu, na ningemuuliza angenifukuza.

Sasa somo lenyewe. Takwimu tuliiogopa jamani, tusidanganyane. Wengi wetu tulikimbilia chuo cha biashara kwa sababu hesabu zilitutoa jasho sekondari, kufika tukakuta zimetutangulia, zimekaa zinatusubiri. Madam hakuanza na ubao. Alituambia kuna kijiji chenye kaya kumi. Kaya tisa hazina hata mbuzi, ya kumi ina ng'ombe mia. Kwa wastani, kila kaya ina ng'ombe wangapi? Shomari akajibu haraka, kumi. Vizuri sana, Madam akasema, sasa nina mgeni na ninataka maziwa ya chai, nibishe hodi nyumba ipi? Tukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisema wapo watu wanakaa mahali wanapangia kijiji hicho mipango wakiamini kila nyumba ina ng'ombe kumi, na watoto wa nyumba tisa wanalala njaa ndani ya wastani mzuri.

Siku nyingine alitutoa uwanjani, akatupanga kwa urefu kuanzia Kabula, ambaye alikuwa mfupi kuliko wote, mpaka jamaa mmoja aliyekuwa akiinama mlangoni. Halafu akaja akamshika bega aliyesimama katikati kabisa, ambaye ni mimi. Akasema huyu hana habari kama yule wa mwisho ni mrefu au ni twiga kabisa wa Mikumi, yeye yuko katikati palepale, hatikisiki. Ndivyo nilivyoielewa namba ya kati, na siwezi kuisahau, maana ilikuwa mimi. Ile inayojirudia kuliko zote alitufundisha kwa kandambili. Muuza kandambili anayepiga wastani wa miguu ya wateja wake ataagiza saizi ambayo haina mwenyewe. Aangalie mguu gani unakuja dukani mara nyingi, aagize huo.

Kuhusu mtawanyiko alitupa mama lishe wawili. Wa kwanza chumvi yake ni ileile Jumatatu mpaka Jumapili. Wa pili leo kasahau kabisa, kesho katia mkono mzima, na ukipiga wastani wa chumvi yao ya wiki unakuta sawasawa. Utakula kwa nani? Tukasema kwa wa kwanza. Basi mmeshaelewa, akasema, na akafuta ubao ambao hakuwa ameandika kitu.

Lakini siku iliyonifanya nimheshimu ni siku ya bambo. Bambo ni kile chuma chembamba chenye ncha na uwazi ndani, wanunuzi wa nafaka hukichoma ubavuni mwa gunia na mahindi ya katikati yanateremka kiganjani. Aliingia nalo mkononi, nyuma yake mpagazi na gunia. Akamwambia Shomari anunue. Shomari akafungua mdomo wa gunia, akachota, akapuliza, akatafuna punje kama mzee wa soko, akasema safi kabisa, nachukua. Madam akachoma bambo tumboni mwa gunia. Yalitoka mahindi yaliyobunguliwa, unga mtupu na wadudu wanatembea. Kumbe alilipanga mwenyewe nyumbani, mazuri juu, mabovu katikati, kama nyanya za sokoni.

"Mkono wako huchukua kilicho karibu yako," akasema. "Ndiyo maana mtu akabuni bambo."

Shomari alinuna siku nzima. Sisi tulidhani tumeelewa, kumbe bado.

Mwaka wetu wa mwisho kulikuja kazi ya kweli. Ng'ambo ya mto Mkondoa kuna kijiji, watu mchanganyiko, wazao wa wakulima wa zamani na familia za wafugaji waliotoka kanda ya ziwa, wote wanategemea mnada wa upande wetu kuuza mazao. Kuvuka ni kwa miguu, majini. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa inafikiria kuwajengea watu wale daraja la miguu, ila ilitaka kwanza kujua kama kuna haja. Ikaomba chuo kiwaulize wananchi. Madam akatukabidhi sisi, ikawa ndiyo kazi yetu ya kumalizia masomo. Bila saini yake kwenye ripoti hakuna kuhitimu, na bila ripoti hakuna daraja. Mambo mawili hayo yalifungwa kamba moja, na sisi tuliona lile la kwetu tu.

Tulifanya kazi kwa bidii, Mungu ni shahidi. Siku ya mnada tulidamka, tukakaa pale njia inapopanda kutoka mtoni, na kila aliyetoka ng'ambo tulimsimamisha. Shikamoo mama, unapata shida kuvuka? Wanaume wenye suruali zilizokunjwa, vijana wenye baiskeli begani, akina mama wenye nguvu zao, wote walitujibu vilevile: aa, shida gani, tumezoea. Tuliuliza mpaka sauti zikakauka. Ilikuwa mwanzo wa masika, maji yamepanda, na bado watu wanasema hakuna shida. Shomari akaandika ripoti nzuri, yenye michoro ya rangi, na hitimisho kwamba wananchi karibu wote huvuka bila tatizo, hivyo daraja si hitaji la haraka. Mama yangu alikuwa ameshashona kitenge cha mahafali.

Madam aliisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho aliifunga, akatuuliza lile swali lake, nani hayupo. Tukasema darasani? Akasema kwenye ripoti. Kabula, ambaye kwao ni hukohuko ng'ambo na muda wote alikuwa ameinama, ndiye pekee aliyeinua uso, ila hakusema.

"Mmewauliza waliovuka kama kuvuka kunawezekana," Madam akasema. "Mlitegemea wajibu nini?"

Shomari alijitetea. Alisema watu tuliowauliza walikuwa wengi, Madam, wengi mno, hakuna darasa lililowahi kuuliza watu wengi namna ile. Akajibiwa kwamba ukichota juu ya gunia mara mia, bado umechota juu ya gunia. Saini hakuweka. Tulimwomba, tukambembeleza, wengine wakalia. Mimi nilikasirika kabisa, sifichi, nilitoka nikaupiga mlango teke, na nikiwa nje nilimsikia akiwaambia waliobaki kwamba kesho saa moja asubuhi tukutane mtoni, na anayetaka kuhitimu bila kulowa atafute chuo kingine.

Tulikwenda. Yeye alifika kabla yetu, na mwavuli, amekaa kwenye jiwe moja kubwa la ukingoni, viatu vinang'aa. Tulidhani atavuka nasi. Hakuinuka. Alituambia tushikane mikono, tumfuate Kabula, na tusirudi mpaka tumeingia nyumba ambazo hazikutuma mtu mnadani. Maji yalinifika kiunoni na yalikuwa yanavuta. Shomari kiatu kimoja kilikwenda na mto. Katikati pale nilielewa kitu ambacho hakikuwa kwenye ripoti, kwamba neno tumezoea halina maana ya hakuna shida.

Ng'ambo Kabula alitupeleka nyumba kwa nyumba. Tulikuta nyanya zimeiva zinaoza shambani kwa sababu mwenye kuzibeba ana mimba kubwa. Tulikuta mlanguzi mwenye pikipiki anayezunguka njia ya mbali, anafika mlangoni na kununua vitunguu kwa bei anayoitaka yeye, na watu wanampa, wafanyeje? Tulikuta watoto wa shule waliopangishiwa chumba mjini masika nzima, wanajipikia wenyewe. Mwishoni tulifika kwa bibi mmoja wa Kisukuma. Kabula alipiga goti wakaamkiana kwa lugha ya kwao, muda mrefu, mpaka habari za ng'ombe zikaisha. Bibi alisema mnadani hajafika tangu maji yalipomwangusha na mzigo wake, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekuja kumuuliza kitu. Halafu akatutazama nguo zetu zilivyolowa, akaambiwa aliyetutuma amebaki ukingoni, akauliza swali. Kabula alisita kututafsiria.

"Anasema, huyo aliyewatuma, mbona yeye hakuvuka?"

Tuliporudi tulimweleza Madam kila kitu, na hilo pia, maana alitufundisha kutoacha jibu lisilopendeza. Alitoa kitambaa akafuta viatu ambavyo havikuwa na tope. Kisha akasema swali la bibi liandikwe, ni haki yake. Basi.

Ripoti ya pili ilikwenda na saini. Mahafali yalishapita. Vyeti tulichukua ofisini, mmoja mmoja, kama watu wanaochukua barua za posta, na mama yangu alivaa kitenge chake hivyohivyo akanisindikiza mpaka pale dirishani, akapiga vigelegele peke yake. Madam alitoka darasani kuja kumwamkia. Mama, ambaye alikuwa amekusudia kumpasha, alijikuta anacheka naye habari za nyanya.

Daraja halikujengwa mwaka ule. Ofisi ilisema imepokea, inashughulikia. Mwaka uliofuata Madam alilipeleka darasa jipya mtoni. Na mwaka uliofuata huo. Nasikia mkuu wa chuo alimwita, akamshauri kwa upole wanafunzi wapewe utafiti wa kisasa kidogo, soko la sabuni, soko la vocha, kitu cha namna hiyo. Madam akamuuliza kama mto umehama. Mkuu akasema hapana. Madam akasema basi na swali lipo palepale. Kila darasa lilileta ripoti yake, kila ripoti ilikwenda ofisini na yeye mwenyewe, kwa miguu, na kila safari alikaa kwenye benchi mpaka mtu atoke aipokee kwa mkono. Watendaji walihamishwa, wakaja wengine, naye akawa anaanza upya kuwaeleza, sauti ileile. Watu walisema mama huyu amepagawa na daraja. Mimi nilishaanza biashara, napita kule kununua vitunguu, na kila masika nilimkuta juu ya lile jiwe na mwavuli wake, wanafunzi wageni wanatoka majini wanatetemeka na kumtukana kimoyomoyo. Nilikuwa nasimama nampa shikamoo na karanga. Siku moja nilimtania, Madam, na wewe utavuka lini? Akanijibu yeye ni mwalimu, mtihani alishafanya. Nikacheka, nikaondoka na magunia yangu.

Alistaafu, akahamia Mikumi kwa mdogo wake mwenye duka la vifaa vya ujenzi, karibu na pale nyani wanapokuja kupekua taka za hoteli. Daraja likaja baadaye. La nyaya na mbao, jembamba, watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu, lakini daraja. Sisemi ripoti zetu ndizo zilizolijenga. Yeye mwenyewe angenigombeza, alishatufundisha kwamba jogoo akiwika na jua likachomoza, usimpe jogoo mshahara. Ninachosema ni kwamba swali lilikataa kufa, na lilikataa kwa sababu kulikuwa na mtu analilisha.

Nilikwenda kumpa habari. Nilimbebea vitunguu vya Lumuma, vikubwa, vya juu ya gunia na vya chini nilivichanganya mwenyewe kwa kumwogopa. Nilimkuta uani nyuma ya duka, miguu imevimba, amevaa malapa ya kitambaa. Vile viatu vyeusi vilikuwa kizingitini mwa chumba chake, vimepigwa rangi. Nikatoa shikamoo, akatazama kwanza nyuma yangu kama kuna mwingine, ndipo akaniitikia. Nikamweleza daraja lilivyo. Nikamweleza, kwa kujivuna kabisa, kwamba sikuja mikono mitupu, nimekaa pale siku nzima ya mnada nikiwatazama watu, na kila mtu sasa anavuka, Madam, wazee, wajawazito, watoto wa shule, kila mtu.

Akaniuliza nilikaa wapi.

Nikasema darajani. Neno lilipotoka tu nikalisikia. Mtu mzima mimi, mwenye mke na watoto, nimechota tena juu ya gunia. Nilijishika kichwa. Yeye alianza kucheka, cheko lile la siku tulipomuuliza habari za Magole, mpaka akakohoa na mdogo wake akatoka dukani kuangalia kuna nini. Kisha kicheko kikakatika, akabaki anaitazama ile jozi ya viatu kizingitini.

"Nyie mlifikiri nilijuaje?" akasema. "Siku ile ya ripoti yenu. Mlifikiri ni kitabu kiliniambia?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyoeleza kwa mwanafunzi mzito. Maji anayaogopa. Si kidogo, anayaogopa kiasi kwamba miguu inakataa, tangu utoto wake. Alipohamia Kilosa alipata rafiki ng'ambo, mwanamke aliyemuuzia maziwa, wakapatana kama waliozaliwa pamoja. Rafiki alikuwa akivuka kuja kwake, yeye hakuwahi kwenda. Rafiki akafariki, masika. Madam alivaa, akafika mtoni na waombolezaji wenzake, akayaona maji, akakaa kwenye jiwe. Wenzake walivuka. Yeye alikaa pale mpaka waliporudi kutoka kuzika.

"Ng'ambo kwake sikuonekana, msibani sikuonekana," alisema. "Na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Wakasema mwalimu ana maringo, hakanyagi tope."

Miaka yote ile tulimwona ukingoni na viatu vyake safi, tukadhani anatutazama sisi. Yule bibi wa Kisukuma aliuliza mara moja tu akawa amepiga mahali penyewe, na sisi tukaliandika swali lake kwenye ripoti pasipo kulijibu. Nilisikia uchungu, na nilisikia hasira pia, sijui ya nani. Nikamwambia Jumamosi nakuja na gari. Akasema magoti hayafai. Nikasema magoti tutayabeba. Akasema tuone, na kwa Madam tuone ilikuwa ni hapana ya heshima, lakini Jumamosi nilipofika nilimkuta amekaa nje ya duka tangu alfajiri, viatu vyeusi miguuni, vimebana mpaka ngozi imefura juu yake, na mkoba begani.

Njia nzima ya kutoka Mikumi aliukumbatia mkoba wake. Mtoni nilimshusha karibu na jiwe lake. Hakulitazama. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita kwa kelele chini ya mbao. Ng'ambo Kabula alikuwa ametusubiri na kigoda. Siku hizi ana duka la pembejeo hukohuko kwao. Nilitangulia kinyumenyume, nimemshika Madam mikono yote miwili, watu wa mnada wakasimama pande zote wakatupisha bila kuambiwa. Ubao wa kwanza aliupima kwa ncha ya kiatu. Wa pili vilevile. Katikati daraja likayumba, akafumba macho, na vidole vyake vikaniingia kwenye nyama. Nikamuuliza turudi? Akaniambia, macho yamefungwa, kwamba nikisema neno hilo tena atanifelisha. Tukaenda. Ubao kwa ubao tukaenda, mpaka nikasikia udongo chini ya kisigino changu.

Aliketi kwenye kigoda cha Kabula. Alihema muda mrefu. Kisha akatoa kitambaa akainama akafuta viatu, kimoja, cha pili, na sisi tumesimama tunasubiri, watu wazima wenye familia zetu, hakuna aliyethubutu kukaa. Kabula akapiga goti akasema shikamoo Madam. Akapewa marahaba yake peke yake. Mimi lile swali lilikuwa linanidai tangu ujana, nikalisema.

"Madam. Nani hayupo?"

Aligeuka akatazama tulikotoka. Ng'ambo ile, ukingoni, lile jiwe lilikuwa tupu, jua limelipiga. Alilitazama vizuri, kama anavyotazama kiti cha dirishani.

"Leo tumetimia," akasema.

Akamwambia Kabula ampeleke kwa marehemu rafiki yake, akatoe pole, amechelewa kidogo. Akainuka. Mkono wangu hakuuachia njia nzima, maana alijua kuna kurudi.